Mwongozo wa Kununua Matairi ya Matope Bila Kuchafuka

Sharti la kwanza la kununua matairi ya matope ni kuishi mbali na matope. Ukikaa Mlimba, au kwenye mbuga za Bonde la Rukwa, matairi haya yatakusumbua bure, kwa sababu utalazimika kuyatumia. Mahali pake hasa ni Mbezi Beach au Njiro, kule ambako lami inakomea mita mia mbili kabla ya geti, na mwenye nyumba hupata nafasi ya kuwaambia wageni kwa sauti ya mtu aliyepitia mengi, "Huku kwetu bila foo wili hufiki." Wageni wataitikia. Waliokuja na IST watanyamaza kwa adabu.

Basi umeamua. Una Prado, au Hilux ya milango minne, au ule mkonga ulionunua kwenye mnada wa mradi uliokwisha muda wake, na kila ukiutazama na matairi yake ya kawaida unauona kama bwana harusi aliyevaa kandambili. Nenda dukani. Ila usiende na maswali ya kwamba unaendesha wapi, kilomita ngapi kwa mwezi, na unabeba nini. Maswali hayo yatakurudisha nyumbani na matairi ya mchanganyiko, yale ya nusu lami nusu vumbi, ambayo yanamfaa karibu kila mtu na ambayo hakuna aliyewahi kuyapiga picha.

Chagua kwa macho. Kashata ziwe kubwa, ziachane, zipande mpaka ubavuni. Kama tairi lina maandishi meupe upande mmoja, msimamie fundi mpaka ahakikishe yanatazama nje. Likifungwa yakiwa ndani, kazi yake matopeni ni ile ile, lakini nani atajua uligharimia?

Zile nafasi kati ya kashata ndizo unazolipia, ingawa muuzaji atakushikisha kashata zenyewe. Tope likikanyagwa huingia humo. Gurudumu likizunguka kwa kasi ya kutosha hulirusha nje, na kashata hurudi chini zikiwa wazi, tayari kung'ata tena. Tairi la lami halina pa kuliweka tope, kwa hiyo hujaa mara moja na kugeuka kipara. Ufundi wote uko hapo, na una masharti mawili. La kwanza, lazima gurudumu lizunguke: dereva anayetambaa na gia nzito huku akimtaja Mungu halipi tairi nafasi ya kujisafisha. La pili, tope lenyewe likubali kutoka. Tope la kichanga hutoka. La majaruba ya mpunga, lenye maji mengi, hutoka. Udongo mweusi wa mbugani hautoki, na tutaufikia.

Kwenye lami, nafasi hizo hizo hugeuka deni. Mpira unaogusa barabara unapungua, na ule uliobaki umesimama kwa vipande virefu vinavyoyumba. Kuanzia kilomita 60 kwa saa gari litaanza kuunguruma. Watengenezaji wanalijua hilo. Ukizitazama kashata kwa makini utaona hazilingani, kubwa, ya kati, ndogo, zimechanganywa makusudi ili mlio usikae kwenye sauti moja. Tairi likiwa jipya inasaidia. Baadaye kashata huanza kulika upande mmoja na kubaki na ncha upande wa pili, mlio unaongezeka, na wewe unakwenda kubadilisha beringi ambazo hazikuwa na tatizo.

Kwenye mvua utani unapungua. Vile vipasuo vyembamba vinavyosaidia tairi la lami kushika barabara iliyolowa, matairi ya matope huwa navyo vichache, na mengine hayana kabisa. Ukiteremka Kitonga mvua inanyesha, nyuma ya lori la mafuta, gari litachukua nafasi ndefu kusimama kuliko ulivyozoea. Ongeza umbali kati yako na wa mbele, na usikimbie.

Sasa mazungumzo ya dukani. Tuseme uko Kariakoo, upande wa Gerezani. Muuzaji atalipiga tairi kofi na kusema, "Bosi, hii plai kumi." Wewe tikisa kichwa kama mtu aliyekuja kutafuta plai kumi hasa. Ukweli ni kwamba ndani hamna tabaka kumi. Hesabu hiyo imetoka enzi za nyuzi za pamba, tabaka zilipokuwa zikihesabiwa kweli. Leo 10 ni daraja la uwezo wa kubeba, lile lile linaloandikwa kwa herufi E. Idadi halisi imechapwa ubavuni kwa maandishi madogo kuliko yote, na mara nyingi utakuta ubavu una tabaka mbili au tatu. Tatu ni nzuri. Usiisome kwa sauti, utamvunja moyo.

Karibu na hapo utaona kitu kama 123/120Q. Hiyo 123 ni kilo 1,550, mzigo wa tairi moja likiwa peke yake. Hiyo 120 ni kilo 1,400, likifungwa jozi. Na Q ni kilomita 160 kwa saa, usizidi. Kwa mwenye V8 aliyezoea kutoka Dar hadi Dodoma kwa saa nne, herufi hiyo ni habari mbaya, ndiyo maana hajawahi kuitafuta.

Kisha kuna mstari unaoanza na DOT. Tarakimu zake nne za mwisho ni cheti cha kuzaliwa: 3516 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mara nyingi mstari wenye tarehe uko upande mmoja tu wa tairi, na kwa sababu zisizoelezeka upande huo ndio huwa umelalia sakafu. Ukiomba ligeuzwe utaambiwa, "Jipya kabisa hili, mkuu, ona bado lina ndevu." Ndevu zimeanza lini kuwa ushahidi wa ujana? Zile nywele za mpira hazinyonyoki kwa kukaa ghalani. Mpira wenyewe huzeeka kwa joto, jua na hewa hata usipoviringika hatua moja, na watengenezaji wengi wanashauri tairi lililotimiza miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe garini, kashata zijae zisijae. Lakini wewe umekuja kununua kwa macho, na ndevu zinapendeza.

Kuhusu ukubwa, chukua kubwa kuliko lililokuja na gari. Tuseme lako ni 265/70R16, ukapanda hadi 285/75R16. Kipenyo kinatoka milimita 777 hivi na kufika 834. Gari linainuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 28. Ndiyo, 28. Kwa ajili yake utakata madigadi, maana ukizungusha usukani wakati gurudumu limepanda, tairi litasugua; utaongeza uzito ambao springi, breki na beringi hazikuutarajia; na gari litakuwa gumu kuondoka, kwa sababu kila mzunguko wa gurudumu sasa ni safari ndefu zaidi huku injini na difu vikiwa vile vile.

Speedomita nayo itaanza kusema uongo kwa asilimia 7. Ikisoma 50, wewe unakwenda karibu 54. Trafiki mwenye tochi, aliyejibanza chini ya mwembe baada tu ya kibao cha 50, hana habari na ulichofunga. Ni kweli kwamba speedomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, huenda ukaponea hapo, ila huo si utetezi wa kumwambia askari. Umbali nao unapunjwa: ukisomewa 100 umekwenda 107. Kwa hiyo ukipiga hesabu za mafuta, gari litaonekana linakunywa hata kuliko linavyokunywa, na tayari linakunywa.

Nunua manne tu. La tano, la akiba, halionekani vizuri, na kubwa hivyo huenda lisiingie hata mahali pake. Acha lile la zamani, fupi, lisubiri siku yake. Ukiwa na Hilux ambayo foo wili yake huingizwa kwa hiari, siku hiyo utatembea kwa magurudumu mawili ya nyuma na tairi fupi utalihamishia mbele. Ukiwa na Prado, ambayo magurudumu yote manne huvuta muda wote, difu ya katikati itafanya kazi mfululizo kusuluhisha ugomvi wa tairi refu na fupi mpaka ichemke. Bei ya difu hiyo ulinganishe na bei ya tairi la tano, lakini baadaye.

Tuje kwenye matope yenyewe, kwa ajili ya wale ambao, licha ya ushauri niliotoa mapema, wameamua kuyafuata. Wapo. Kila mwaka kuanzia Januari, nyumbu wanapozaa, watu hushuka Ndutu na magari yao kutazama ndama, na wengine hubaki kutazamwa na ndama. Katika Hifadhi ya Katavi, uwanda wa Katisunga wakati wa masika si mahali pa kujaribia kitu chochote ulichokinunua kwa mkopo.

Udongo mweusi ni mfinyanzi wa aina yake. Humeza maji katikati ya tabaka zake na kuvimba; kiangazi huyaachia, husinyaa, na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaingia wote. Wataalamu hawauweki udongo katika kundi la aina hii mpaka mfinyanzi uwe walau asilimia 30. Hila yake iko juu: unaweza kuona uso mkavu, nyasi fupi, swala wanakula bila wasiwasi, kumbe kiasi cha shibiri moja chini bado ni laini. Swala hana tani mbili na nusu.

Ukiushika udongo huo, haurushwi. Unajaza nafasi zote ulizolipia, unapanda juu ya gurudumu, unajishindilia ndani ya madigadi mpaka gurudumu linakataa hata kugeuka. Katika hali hiyo, tairi lako la ndevu na tairi kipara la Noah ya abiria ni mapacha. Tofauti hujitokeza pale tu unapokanyaga mafuta kwa hasira: kashata zilizotengenezwa kuchimba zitachimba, tena kwa ustadi, na wewe utalalia ekseli kabla ya mwenye Noah.

Kinachosaidia ni upepo, na hakuna duka linalouza upepo pungufu. Gari linalotembea na paundi 35 lishushe hadi 20 au 18, na ulishushe kabla ya kuingia, si baada ya kuzama. Tairi linalegea, mguu wake chini unarefuka, uzito unatawanyika, na kashata zinapojikunja na kujikunjua zinalegeza tope ambalo lingeganda. Chini ya 15, kwa rimu ya kawaida, unaanza kukaribisha siku ambayo tairi litachomoka kwenye kona. Mwendo uwe wa taratibu kwa sababu ubavu unaojikunja hupata moto, na ubavu uliotuna nje ndio unaokutana na visiki na miiba ya migunga. Hapo ndipo zile tabaka tatu zinaporudisha pesa yako. Ukitoka, jaza tena kabla ya kukimbia. Kwa hiyo unahitaji kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Vitu hivi viwili kwa pamoja ni rahisi kuliko tairi moja, na gari likiegeshwa havionekani, ndiyo maana havina wateja.

Kifaa kingine kisicho na wateja ni miguu. Shuka, vua viatu, tembea pale unapotaka kupitisha gari. Ukizama mpaka kwenye kifundo na ukagusa pagumu, kuna kitu cha kushika. Ukizama mpaka kwenye ugoko na bado hujagusa kitu, geuza gari. Najua hujaja mpaka huko kuchafua miguu.

Utagundua pia, kwa uchungu kidogo, kwamba watu wanaofanya kazi matopeni hawana matairi kama yako. Mkonga wa hifadhi, wa misheni au wa kituo cha afya mara nyingi umesimama juu ya 7.50R16, tairi refu, jembamba, lisilo na mvuto wowote. Jembamba hulikata tope la juu na kwenda kutafuta pagumu chini. Pana huelea, jambo zuri kwenye mchanga, na zuri pia kwenye tope lisilo na chini, mradi liendelee kuelea. Wanaume wamegombana sana juu ya suala hili wakiwa wameketi mahali pakavu. Jibu hutegemea kama chini kuna kitu, na tayari nimekwambia namna ya kujua.

Lakini 7.50 ina faida nyingine isiyohusiana na tope. Hiyo ni saizi inayofungwa kwenye Canter, na Canter hufika kila gulio. Likikupasukia huko Mpimbwe, fundi pancha atakuwa nalo moja la mtumba limeegemea kibanda, pamoja na tyubu yake na vyuma viwili vya kulitolea kwenye rimu. Muulize 285/75R16 ya tyublesi, tena yenye maandishi meupe, naye atakuonyesha kwa kidole barabara ya kurudi Mpanda.

Historia nayo haimsaidii muuzaji. Mbio za Safari Rally, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikumbwa na mvua kubwa mwaka 1963 na tena 1968. Kila mara magari 7 tu yalifika mwisho. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki pamoja na msoma ramani wake Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404, saluni ya kawaida inayovuta kwa magurudumu ya nyuma. Joginder Singh alikuwa miongoni mwa waliomaliza mara zote mbili. Wasimulie hayo majirani pale getini, kisha uangalie nani anabadilisha mazungumzo.

Haki itendeke, wapo wanaoyahitaji kweli. Anayevuta magogo msituni anayahitaji. Mwenye shamba la mpunga ng'ambo ya Kilombero anayahitaji, na pengine anahitaji mtumbwi. Wanaoshindana Rhino Charge kule Kenya, tangu 1989, wanayahitaji kuliko wote: mshindi pale ni aliyefika vituo vyote kwa kusafiri umbali mfupi zaidi, kwa hiyo watu hukata moja kwa moja, mlima kwa korongo, juu ya mawe yenye makali, na ubavu dhaifu haufiki kituo cha pili. Ukiwaona watu hao kwa karibu, magari yao hayang'ai.

Wewe utakwama. Ukikwama, acha kukanyaga mafuta, toa beleshi (hukuja na beleshi), na usubiri trekta. Katika vipande vya barabara vinavyojulikana kwa kunasa magari, trekta huja hata kabla hujapata mtandao wa kupiga simu. Msalimie dereva wake kwa heshima zote, shikamoo ikibidi, maana huyo ndiye mtu pekee hapo mwenye matairi ya matope. Usitaje bei ya yako. Akishayaona, bei yake imeshapanda. Ungetaka akupunguzie, ungekwama na Noah. Kamba ifungwe kwenye kulabu iliyoshika chasisi, isifungwe kwenye bampa, na kamwe isifungwe kwenye lile tufe la chuma la kuvutia trela: likikatika hurushwa kama risasi na limeshaua watu. Wote wasimame mbali, hata wale vijana wanaotaka kusukuma.

Ukifika lami, jaza upepo, na usishtuke usukani ukianza kucheza mara ufikapo 80. Utaenda kwa fundi. Atalitikisa gurudumu, ataguna, ataita mwenzake, kisha watataja tairodi endi, boljointi na shokapu kwa mpangilio wa bei. Kabla hujatoa hela, lipeleke gari kwa vijana wanaoosha, uwaambie waingize maji kwa nguvu ndani ya rimu, upande usioonekana. Humo mna kilo kadhaa za mbuga zilizokaukia upande mmoja, na zikitoka usukani unatulia. Wakikuuliza kama wayasugue na matairi yenyewe, waambie hayo wayaache hivyo hivyo mpaka Jumatatu, watu wa ofisini wayaone.